Kipimo cha pumzi kwa mgonjwa wa pumu

Kipimo cha pumzi, yaani spairometri, hupima hewa inayotoka mapafuni na kasi yake. Mgonjwa hubanwa pua, huvuta pumzi kifua kijae, kisha hupuliza kwa nguvu mpaka hewa iishe. Hurudia angalau mara 3. Aliyeishi na pumu miaka mingi huogopa kuimaliza pumzi yake, na si ajabu. Lakini hapa hakuna sindano wala kufeli, na akibanwa kifua aashirie, asimame, apumzike.

Kupuliza hakubatilishi saumu. Ama dawa ya kuvuta inayotolewa kabla ya kupima tena, wanazuoni wamekhitalifiana; Sheikh Ibn Baaz ameona haifunguzi. Mwenye shaka aombe kupimwa baada ya Ramadhani, iwapo daktari haoni dhara. Wala asiache dawa zake ila kwa agizo la daktari. Wallahu a'lam.