Mkaja, Mbeleko na Ukili: Kazi za Mikono katika Nyumba ya Mzazi

Karafuu za visiwa hivi zimekuwa zikihesabiwa tangu zama za Sayyid Said bin Sultan. Tunajua zilikwenda wapi, kwa bei gani, na nani alifilisika ziliposhuka thamani. Pembe za ndovu nazo zina daftari zao. Mkeka hauna daftari. Kofia ya mkono, iliyokula miezi ya macho na vidole vya mwanamke, haimo katika hesabu ya bandari yoyote, ijapokuwa ilivaliwa kichwani na huyo huyo karani aliyekuwa akiandika hesabu. Mwenye kutaka historia ya kazi hizi hana budi aitafute ndani ya nyumba, na ndani ya maneno. Nami naanzia kwenye maneno, kwa kuwa ndiyo riziki yangu.

Mkaja ni kitambaa anachofungwa mzazi tumboni baada ya kujifungua, kikakazwa ili tumbo lirudi mahala pake. Mbeleko, au ubeleko kama walivyosema wa kale, ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Kamusi kubwa ya Kiswahili na Kiingereza iliyotoka mwaka 1939 kwa jina la Frederick Johnson inayapa maneno haya mawili maana ya pili: ni haki ambazo bwana harusi humpa mama wa bibi harusi. Hebu tuzingatie hapo kidogo. Mwanamume amekuja kuoa, na pamoja na mahari anatakiwa alipie kitambaa kilichomfunga mama tumbo, na nguo iliyombeba binti alipokuwa hajui kutembea. Deni la uzazi limewekwa miaka kumi na minane au ishirini, na halikusahauliwa. Mfasiri anayeandika "zawadi ya mama mkwe" amepata maana ya sheria na amepoteza tumbo na mgongo. Sijui lugha nyingi, lakini katika zile ninazozisoma sijakutana na neno moja lililobeba nguo, uzazi na arusi kwa pamoja namna hii.

Kwa maandishi, mashahidi wetu wa mwanzo ni wawili, na wote wawili vitabu vyao vilichapishwa Ujerumani. Wa kwanza ni Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kuondoka Unguja mwaka 1866. Katika kumbukumbu zake zilizotoka Berlin mwaka 1886, kwa jina la Emily Ruete, anaeleza jinsi mtoto wa jumba la kifalme alivyokazwa kwa vitambaa toka miguuni hadi mabegani, jinsi masikio ya mtoto wa kike yalivyotobolewa siku ya saba, na jinsi nywele za kwanza zilivyonyolewa siku ya arubaini, zisitupwe ovyo. Alipoyaandika hayo alikuwa amekwisha kuzaa watoto watatu Hamburg, pasipo mkunga wa kwao wala somo wa kumkanda kwa maji ya moto. Huwa naisoma sehemu ile kwa taratibu zaidi kuliko habari zake za siasa. Wa pili ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maelezo yake ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Mtoro hakuanza na wafalme wala vita. Ameanza na mimba na uzazi.

Arubaini, basi. Siku arubaini mzazi hukaa ndani. Hateki maji, hapiki, haendi shamba. Hukandwa, hufungwa mkaja, hulishwa uji wa pilipili manga na mchuzi wa kuku. Wasafiri wengi wa Kizungu waliopita pwani walimwona mwanamke wa ndani kuwa mtu aliyekaa bure, na arubaini ingewathibitishia dhana hiyo lau wangeruhusiwa kuingia. Hawakuruhusiwa. Wangeingia wangekuta jamvi limetandikwa, wanawake watano au sita wameketi, na kila mmoja ana ukili mkononi.

Ukindu hukatwa ukingali mchanga, ukaanikwa mpaka ukawa mweupe, ukachanwa nyuzi nyembamba. Unaotakiwa rangi huchemshwa nayo sufuriani. Kisha husukwa ukili, utepe mrefu unaokunjwa duara kadiri unavyozidi, na kupimwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Ukili ndio baadaye hushonwa ubavu kwa ubavu ukawa mkeka, msala, mkoba au kawa la kufunikia chakula. Miyaa, iliyo migumu zaidi, huenda kwenye majamvi na vikapu. Wapemba wamejipatia sifa kwa mikeka yao ya mapambo, na Muunguja mwenye insafu hatobisha.

Ninalotaka kulieleza ni kwa nini ukili, katika kazi zote, ndio uliostahili nyumba ya mtoto mchanga. Hautaki moto. Hautaki nguvu. Vidole vikishazoea, hautaki hata macho, kwa hivyo msukaji huweza kumtazama mtoto na kuongea huku kazi inakwenda. Na lililo kubwa: unakatika popote bila ya kuharibika. Mtoto akilia, ukili huwekwa chini palepale. Akilala, huokotwa palepale. Chungu hakikubali hayo, udongo hukauka. Makumbi ndiyo kabisa, kwani hufukiwa pwani miezi kadhaa na kisha hupondwa kwa kigongo, kazi ambayo mzazi haisogelei. Mzazi mwenyewe siku za mwanzo hulala tu. Zikishapita, naye hupewa ncha ya ukili. Mtoto wa kike akikulia katika chumba hicho hujifunza asipofundishwa.

Kofia ni habari nyingine. Hiyo hutaka macho na hesabu. Ina vipande viwili, duara la juu na ukanda wa pembeni, na maua yake ni vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Ukikosea idadi upande mmoja, ua halikutani na mwenziwe. Tena ina sindano, na sindano na mtoto mchanga havilali kitanda kimoja. Kwa hivyo kofia ilingojea mtoto atulie. Ilipokwisha, mwanamke asiyetoka hadharani alimtuma mtoto au kizee akamuuzie, na fedha ile ilikuwa yake. Kofia hizo zilivuka bahari. Oman huitwa kumma, na wapo huko wanaojua fika kwamba mshono wake una jamaa Unguja na Lamu. Skuli ya kwanza ya serikali ya wasichana ilipofunguliwa mjini Unguja mwaka 1927, ushoni ulikuwa miongoni mwa masomo. Wasichana walikwenda kufundishwa sindano waliyoikuta kwao.

Kanga yenyewe, kama inavyosimuliwa pwani nzima, ilitoka katika sindano hiyo hiyo. Katika robo ya mwisho ya karne ya 19 wanawake walinunua leso za mraba zilizokuja bado hazijakatwa, wakazikata tatu tatu, wakaziunga tatu juu ya tatu hadi zikatimia sita. Hiyo ndiyo leso ya kushona. Wafanyabiashara walipoona, wakaagiza nguo nzima iliyopigwa chapa. Vitabu vya kanga humtaja mfanyabiashara na kiwanda. Mwanamke aliyeunga leso sita hakuandikwa jina.

Ukulima wa mwani ulipoanza kibiashara pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, saa za wanawake zilihamia baharini, na fedha ya mwani, hata ikiwa haba, ilikuja haraka kuliko fedha ya mkeka. Mikeka ya plastiki iliingia majumbani, kofia za mashine zikajaa madukani. Ukili haujafa. Sasa husukwa vikundi kwa vikundi, aghalabu kwa ajili ya mkoba wa mtalii, na bei huulizwa kwa dola. Silalamiki kwamba mwanamke analipwa. Nasikitika kwamba mkoba wa mtalii hauna haja ya maua ya zamani, na ua lisilosukwa kizazi kimoja hakuna wa kulifundisha kizazi cha pili.

Mjamzito anayekwenda hospitali leo bado hufungasha kanga kuukuu, na huchagua zile zilizofuliwa mara nyingi, maana mpya ina wanga na inakwaruza. Moja ya kumpokelea mtoto, moja ya kupasuliwa mawinda, moja ya mkaja. Ile ya mbeleko huachwa nyumbani, imekunjwa, mpaka siku ya arubaini.