Saa Zenye Macho

Kazi ya saa ni kutueleza wakati. Lakini zipo saa ambazo, hata zikisimama, bado zinasema.

Saa hizo zilitengenezwa Marekani kuanzia miaka ya 1850, na kampuni ya Bradley & Hubbard ya mji wa Meriden, jimbo la Connecticut, ilisifika sana kwa kazi hiyo. Chuma kiliyeyushwa, kikamiminwa kwenye kalibu, zikatoka sanamu: simba, mbwa, bundi, bwana wa Kiingereza mwenye kitambi. Sanamu ikapakwa rangi na kutiwa saa tumboni. Ndani, waya uliunganisha mashine na macho, na kila saa ilipopiga tiki, macho yalipanda na kushuka. Wageni wakicheka, mwenye nyumba akifurahi.

Lakini miongoni mwa sanamu hizo walikuwamo pia watu weusi. Mmoja ni mpiga banjo aliyepewa jina la dhihaka, Sambo. Mwingine ni msichana aitwaye Topsy.

Topsy ni nani? Ni mtoto mtumwa katika riwaya ya Uncle Tom's Cabin, iliyotolewa kitabu mwaka 1852 na Harriet Beecher Stowe ili kupinga utumwa. Mwandishi huyo alizaliwa Connecticut hiyo hiyo, mwaka 1811. Yeye aliandika ili watu walie. Wenye viwanda wakamfanya Topsy kichekesho cha sebuleni. Na jimbo hilo lilikuwa limekwisha kufuta utumwa mwaka 1848! Sheria ilibadilika, macho ya watu yakabaki yale yale.

Wala tusidhani sisi tulikuwa mbali. Viwanda vya Deep River na Ivoryton, katika jimbo hilo hilo, vilichonga vibonyezo vya piano kwa pembe za ndovu kutoka Unguja, pembe zilizofika pwani mabegani mwa wapagazi na watumwa. Sebule moja, basi, iliweza kuwa na jasho la mtu wa huku na dhihaka ya mtu wa kule.

Leo saa hizo zinasakwa na wakusanyaji wa vitu vya kale, na wapo Wamarekani weusi wanaokusanya vitu vya dhihaka kama hivi. Profesa David Pilgrim, Mmarekani mweusi, aliukabidhi mkusanyo wake kwa Chuo Kikuu cha Ferris State, Michigan, ukawa msingi wa jumba la makumbusho liitwalo Jim Crow Museum. Wapo wanaouliza: kwa nini vitu hivyo visivunjwe? Hoja yake ni kwamba vitumike kufundisha watu ubaya wa chuki.

Nami naafiki. Mkusanyaji anayejua kazi yake haipaki saa ya kale rangi mpya. Rangi ya awali, hata ikibanduka, ndiyo inayoipa thamani, kwani ndiyo ushahidi. Historia nayo tuitunze hivyo hivyo: isivunjwe, wala isipakwe rangi.