Barua Isiyo Yako

Kwa miaka mingi barua za miteremko ya Mlima Meru hazikufika nyumbani. Zilikomea katika sanduku la posta la shule au la kanisa. Na kwa kuwa Wameru wengi huitwa kwa jina la ukoo, Kaaya, Mbise, Pallangyo au Nnko, bahasha moja iliweza kupata wenyewe kumi. Aliyeichukua kwa kukosea alipaswa kuirudisha bila kuifungua, kwani ndani huenda mlikuwa na karo ya mtoto au habari za msiba. Hifadhi ya mawasiliano binafsi iliingizwa katika Katiba mwaka 1984, Ibara ya 16. Arusha, makao ya Umoja wa Posta Afrika ulioundwa mwaka 1980, ilipata pamoja na nchi nzima operesheni ya anwani za makazi mwaka 2022. Hata hivyo, hakuna anwani imlindayo mwenye barua kuliko uaminifu wa aliyeipokea.