Nguruwe wako anakaribia kuzaa? Maandalizi yanaanza siku aliyopandwa

Ukipita vijijini katika Mkoa wa Katavi, iwe Nsimbo, Mlele, Mpimbwe, Tanganyika au pembezoni mwa Mpanda mjini, utakuta nguruwe jike mmoja au wawili nyuma ya nyumba. Si mradi mkubwa. Ni mnyama wa familia, analishwa pumba na mabaki ya jikoni, na watoto wa nyumbani wamemzoea. Siku akizaa, mwenye mali anaanza kupiga hesabu ya ada ya shule, mbolea ya msimu au bati za nyumba.

Hesabu hiyo huharibika haraka. Nguruwe anazaa watoto 10 usiku, asubuhi wanakutwa 7, na wiki ikiisha wamebaki 4. Jirani atasema ni bahati mbaya. Mara nyingi si bahati. Watoto wengi wa nguruwe wanaokufa kabla ya kuachishwa kunyonya hufa ndani ya siku 3 za kwanza, na sababu kubwa ni tatu: kulaliwa na mama, baridi na njaa. Sababu hizi zinafuatana. Mtoto mwenye baridi anamsogelea mama ili apate joto, na hapo ndipo analaliwa. Mtoto mwenye njaa hana nguvu ya kukwepa mama anapojilaza.

Zote tatu huzuiwa kabla ya siku ya kuzaa. Katika makala haya tunakueleza la kufanya, hatua kwa hatua, kwa vitu vinavyopatikana kijijini.

Andika tarehe aliyopandwa

Mimba ya nguruwe huchukua wastani wa siku 114. Wafugaji huikumbuka kwa maneno rahisi: miezi 3, wiki 3 na siku 3. Akipandwa Julai 1, siku ya 114 ni Oktoba 23. Anaweza kuwahi au kuchelewa siku mbili tatu.

Andika tarehe hiyo mahali pasipofutika, kwenye daftari au kwa chaki juu ya mlango wa banda, kisha iweke pia kwenye simu yako. Baada ya siku 18 hadi 24, mwangalie kama amerudi kwenye joto. Akirudi, hakushika mimba. Mpandishe tena na uanze hesabu upya. Bila tarehe utashtukizwa, na nguruwe aliyeshtukiza anazalia kwenye tope au porini.

Wiki mbili za mwisho: minyoo na chakula

Siku 10 hadi 14 kabla ya kuzaa, mpe mama dawa ya minyoo. Mwenye minyoo huwaambukiza watoto tangu siku za mwanzo. Muulize afisa mifugo wa kata aina ya dawa na kiasi kulingana na uzito, na umwambie kwamba nguruwe ana mimba.

Kwa chakula, nguruwe mwenye mimba anahitaji kiasi cha kilo 2 hadi 2 na nusu kwa siku za chakula kilichochanganywa vizuri: pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa wasio na chumvi nyingi, madini na majani mabichi. Akinenepa kupita kiasi atazaa kwa shida na atakuwa mzito wa kuinuka anapomlalia mtoto. Akikonda hatakuwa na maziwa ya kutosha.

Usimpe mahindi, karanga wala mashudu yenye ukungu. Chakula kilichooza kwa binadamu hakigeuki kuwa kizuri kwa sababu kimepelekwa bandani, na sumu ya ukungu inaweza kuharibu mimba.

Siku 2 za mwisho punguza chakula kidogo, ongeza pumba na majani ili choo kiwe laini, na maji yasikosekane. Baada ya kuzaa ongeza chakula polepole kila siku. Mama anayenyonyesha anaweza kunywa lita 20 hadi 30 za maji kwa siku, na zaidi kwenye joto. Ndoo moja asubuhi haimtoshi, hasa Septemba na Oktoba visima vinapopungua maji. Panga mapema nani atateka.

Chumba cha kuzalia

Wiki moja kabla ya tarehe, mwandalie chumba chake peke yake. Chumba cha mita 2 kwa mita 2 na nusu hadi 3 kinatosha. Ondoa kinyesi chote, osha kwa maji na sabuni, pulizia dawa ya kuua vijidudu au paka chokaa, kisha acha kikauke. Mama naye muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, hasa tumbo na chuchu, kabla ya kumwingiza. Akiingia wiki moja mapema, anazoea na hatahangaika siku ya kuzaa.

Halafu weka fito za kinga. Funga fito imara kuzunguka kuta, sentimita 20 hadi 25 kutoka chini na umbali huohuo kutoka ukutani. Nguruwe hujilaza kwa kuegemea ukuta. Fito zikiwepo, hubaki nafasi ambayo mtoto anaweza kupenya asibanwe. Miti michache na misumari inaweza kuokoa watoto wawili au watatu kwa uzao mmoja.

Tandika nyasi kavu, majani makavu ya mpunga au maranda ya fundi seremala. Epuka vumbi la mbao, kwa sababu huziba pua za watoto. Nyasi ndefu zikatekate ili watoto wasinase. Tandiko likilowa, libadilishe.

Kona ya joto

Mama anapenda ubaridi kidogo, lakini mtoto aliyezaliwa leo anahitaji joto la nyuzi 30 hadi 34, kwa kuwa hana mafuta mwilini wala manyoya ya kutosha. Ndiyo maana watoto wanahitaji kona yao ambayo mama hawezi kuingia. Tengeneza boksi la mbao au zungushia fito kona moja, acha tundu la kupita watoto tu, na jaza nyasi kavu nyingi ndani.

Mwenye umeme atundike balbu ya zamani inayotoa joto, juu kiasi ambacho mama hawezi kuifikia. Balbu za kisasa zinazookoa umeme hazitoi joto la kutosha. Asiye na umeme aweke dumu lenye maji ya moto, lizungushiwe gunia au kitambaa kizito, na kubadilishwa likipoa. Usiweke jiko la mkaa ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake unaua watoto na mama, na cheche moja kwenye nyasi inateketeza banda zima.

Usiku wa Juni na Julai, baridi inapokuwa kali, kona hii ndiyo inayoamua watoto wangapi watafika asubuhi.

Dalili kwamba siku imefika

Uke unavimba na kiwele kinajaa. Siku moja hivi kabla, mama hatulii: anakusanya nyasi kwa mdomo, anachimba sakafu, analala na kuinuka. Ukikamua chuchu taratibu na maziwa yakatoka, kwa kawaida anazaa ndani ya saa 24. Kuanzia hapo asiachwe bila mtu. Mwangalizi awe yule anayemlisha kila siku. Wageni, watoto wa jirani na mbwa wakae mbali, kwa sababu mama mwenye hofu huinuka-inuka na kukanyaga watoto.

Wakati wa kuzaa

Uzazi wa kawaida huchukua saa 2 hadi 5, mtoto mmoja baada ya mwingine kwa dakika 15 hadi 20 hivi. Mtoto anaweza kutanguliza kichwa au miguu ya nyuma. Yote ni kawaida, usimvute kwa haraka.

Kila anayetoka, fanya hivi:

1. Mfute mdomo na pua kwa kitambaa safi, ondoa ute.
2. Mkaushe mwili mzima. Mtoto aliyelowa hupoteza joto haraka.
3. Chovya kitovu kwenye dawa ya iodini. Kikiwa kirefu, kifunge kwa uzi uliochemshwa na ukate kwa wembe mpya, ukiacha sentimita 5 hivi.
4. Mpeleke kwenye chuchu anyonye.

Hatua ya nne haitakiwi kusubiri mama amalize kuzaa. Mtoto wa nguruwe huzaliwa bila kinga ya magonjwa. Kinga yote anaipata kwenye maziwa ya mwanzo, yaani dang'a, na utumbo wake hupokea kinga hiyo vizuri katika saa chache za kwanza tu. Wadogo na dhaifu wawekwe kwenye chuchu za mbele, ambazo mara nyingi zina maziwa zaidi.

Nguruwe anayezaa mara ya kwanza anaweza kuwauma watoto. Ikitokea, watoe uwaweke kwenye kona ya joto, kisha warudishe mama akishatulia.

Lini umwite mtaalamu

Piga simu kwa afisa mifugo mara moja kama mama anasukuma kwa dakika 45 hadi saa nzima bila mtoto kutoka, au ametoa majimaji yenye harufu mbaya. Mwite pia kama kondo la nyuma halijatoka saa kadhaa baada ya kumaliza kuzaa. Usichome sindano ya kuongeza uchungu kwa ushauri wa jirani. Mtoto akiwa amekwama, sindano hiyo inaweza kupasua mfuko wa uzazi.

Namba ya mtaalamu itafute sasa. Saa 8 usiku si wakati wa kuulizia.

Siku 3 za kwanza

Hesabu watoto asubuhi, mchana na jioni. Watoto wanaolala wakiwa wamerundikana wana baridi. Wanaolia muda wote wana njaa. Kama mama analalia tumbo, hali chakula, ana homa na kiwele chake ni kigumu, huenda ana maambukizi na maziwa yamekata. Anahitaji matibabu siku hiyohiyo. Wakati unasubiri, watoto wapewe maziwa ya ng'ombe au mbuzi ya uvuguvugu, kidogo kidogo na mara nyingi.

Siku ya 3 watoto wachomwe sindano ya madini ya chuma. Maziwa ya nguruwe yana chuma kidogo sana, na mtoto anayekulia kwenye sakafu ya saruji hapati udongo wa kuchimbua. Asipochomwa hupauka, hudhoofu na kuchelewa kukua.

Ngiri, nguruwe pori na banda lako

Kwa sisi wa Katavi kuna tahadhari ya ziada. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, huishi ndani ya ngiri bila kuwadhuru, na hupitishwa na kupe laini wanaokaa kwenye mashimo yao. Nguruwe wa kufugwa akiipata, mara nyingi hufa ndani ya siku chache. Haina tiba, ingawa haimwambukizi binadamu. Tunapakana na Hifadhi ya Taifa ya Katavi na misitu mikubwa, hivyo nguruwe anayezurura porini anaweza kurudi na ugonjwa, au kuzalia huko moja kwa moja.

Mfungie bandani kipindi chote cha mimba. Usimlishe mabaki ya nyama ya nguruwe wala ya ngiri, na mabaki mengine ya jikoni au mgahawani yachemshwe kwa dakika 30. Dume la kuazima lisitoke kwenye kijiji chenye vifo vya nguruwe. Ukiona homa kali, ngozi kugeuka nyekundu au zambarau, au vifo vya ghafla, toa taarifa kwa afisa mifugo. Usiuze na usichinje kwa haraka ili kuokoa hela, kwa sababu nyama hiyo ndiyo inayoupeleka ugonjwa kijiji kingine.

Vitu vya kuwa navyo wiki moja kabla

Nyasi kavu gunia mbili, vitambaa safi, iodini, uzi na wembe mpya, sabuni, ndoo ya maji safi, tochi yenye chaji, balbu au dumu la joto, fito za kinga zilizokwisha kufungwa, na namba ya afisa mifugo kwenye simu. Kama tarehe yako imekaribia, anza na fito leo.