Waliokosekana Kwenye Hesabu

Nyuma ya nyumba ya mama mkubwa, Kamachumu, wilayani Muleba, kuna makaburi manne katikati ya migomba. Mawili ni ya wadogo zake, moja la mumewe. La nne ni dogo, halina jina. Nilikulia kwenye kibanja hicho, nikayapita makaburi hayo kila siku nikienda kukata ndizi, na sikuwahi kuuliza ni ya mwaka gani.

Nilikuja kuikuta Kagera yetu kwenye jedwali, nikiwa mwaka wa pili chuoni. Bukoba mjini, kiwango cha maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa watu wazima: mwaka 1987, asilimia 24.2. Mwaka 1993, 18.3. Mwaka 1996, 13.3. Likizo ilipofika nikarudi nyumbani na habari hiyo kama zawadi. Jioni tukimenya ndizi nikamwambia mama mkubwa kwamba ndani ya miaka tisa maambukizi yalishuka karibu nusu.

Hakuinua macho. "Yalishuka," alisema. "Si walikuwa wamekwisha kufa?"

Sikuwa na jibu. Niliporudi chuoni nilisoma upya, safari hii nikimtafutia yeye jibu.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walionekana mwaka 1983 katika Hospitali ya Ndolage, hapohapo Kamachumu. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo iliyoletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Lakini daftari la hospitali humhesabu aliyefika hospitali tu. Aliyefia nyumbani hayumo, na mwenye virusi ambaye bado anajisikia mzima hayumo pia. Ndiyo maana mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili, akiwemo Japhet Killewo, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Umeå cha Sweden, walikwenda kwenye kaya zilizochaguliwa kwa kubahatisha na kuwapima watu kwa ridhaa yao. Walikuta asilimia 24.2 Bukoba mjini, 10.0 Bukoba Vijijini na Muleba, 4.5 Karagwe, na 0.4 tu Ngara na Biharamulo. Mkoa ni mmoja, lakini hali zilikuwa nne. Wastani wa mkoa peke yake ungezificha zote.

Hata hivyo, upimaji wa namna hiyo ni kama kuchungulia pipa la kukingia mvua. Ukilikuta maji yamepungua, hujui kama mvua imekatika au pipa linavuja. Kiwango kinaweza kushuka kwa sababu wachache zaidi wanaambukizwa. Kinaweza pia kushuka kwa sababu walioambukizwa wanakufa, wanahama, au wanakataa kupimwa. Mama mkubwa alikuwa ameliona pipa linavuja. Alishiriki mazishi yake.

Njia ya kujibu ilikuwa ndefu zaidi: kuwachukua watu waliopimwa na kukutwa hawana virusi, kuwafuatilia, kisha kuhesabu maambukizi mapya. Kwa hesabu hiyo wafu wa zamani hawawezi kuyapendezesha matokeo. Bukoba mjini, mwaka 1989, maambukizi mapya yalikuwa 47.5 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Mwaka 1996 yalikuwa 9.1. Gideon Kwesigabo na wenzake walikagua pia kwa upande mwingine. Kiwango kilishuka sana kwa wasichana wa miaka 15 hadi 24, ambao wengi wao walikuwa bado hawajaishi na virusi muda wa kutosha kufa. Vipimo vya wajawazito kliniki navyo vilionyesha kushuka. Ushahidi wa njia tatu zenye kasoro tofauti, ukielekea upande mmoja, ni mgumu kuubeza.

Kwa nini yalishuka? Hapo kila mtu ana wake: mahubiri, kondomu, semina, hofu ya mazishi ya kila wiki. Hakukuwa na Bukoba ya pili isiyopata hayo, ya kulinganisha nayo. Takwimu zinathibitisha kwamba yalishuka. Anayesema ni yeye aliyeyashusha, mwombe ushahidi mwingine.

Ulinganisho wa aina hiyo ulikuja kufanyika Muleba, kwa ugonjwa mwingine. Mwaka 2015, maeneo 48 ya wilaya yaliingizwa kwenye jaribio la kupambana na malaria, na mgawanyo ukafanywa kwa kubahatisha, kama kura: nani apate vyandarua vya kawaida, nani apate vyenye PBO, kiambato kinachomdhoofisha mbu aliyekwisha kuwa sugu kwa dawa, na wapi nyumba zipuliziwe. Baada ya miezi tisa, watoto wenye vimelea walikuwa asilimia 29 kwenye maeneo ya PBO, na 42 kwenye vyandarua vya kawaida. Kura haimjui tajiri wala aliye karibu na zahanati, kwa hiyo tofauti hiyo ni vigumu kuipa mzazi mwingine. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua hivyo, likitegemea hasa jaribio la Muleba.

Krismasi nilimweleza mama mkubwa yote, hata pipa. Nikamwambia alikuwa sahihi kuuliza, na kwamba kweli watu waliacha kuambukizwa kwa wingi ule. Alifikiri, akatikisa kichwa kukubali. Ndipo nikamuuliza miaka.

Mdogo wake wa kwanza, 1985. Mtoto wa mdogo huyo, 1986. Mumewe, 1986, baada ya mavuno ya kahawa. Mdogo wa mwisho, 1990.

Watafiti walianza kupita nyumba kwa nyumba mwaka 1987. Nilihesabu kwa vidole, na yeye akihesabu nami. Watatu kati ya wanne hawakuwahi kuwemo kwenye namba yoyote, hata ile ya kwanza, ambayo mimi nilidhani ndiyo kubwa kuliko zote.