Kodi ya Nyumba, Mchango wa Darasa

Mwaka 1934 mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki alipelekwa Musoma kuanza darasa la kwanza katika shule ya Mwisenge. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na yaliyompata baadaye yameandikwa mno hata hayana haja ya kurudiwa hapa. Swali ambalo halijaulizwa sana ni la upande wa pili wa daftari: shule ile ililipiwa na nani?

Ilikuwa shule ya serikali ya wenyeji, si ya misheni. Misheni ilikuwapo tayari. Mapadri Weupe walifika Nyegina, nje kidogo ya Musoma, mwaka 1911, nao walifundisha kusoma kwa sababu zao, sala na katekisimu zikiwa mbele. Mwisenge ilitegemea mfuko mwingine, na mfuko huo ulijazwa na watu ambao wengi wao hawakuwa na mtoto hata mmoja darasani.

Chanzo cha mfuko ni kodi ya Wajerumani. Mwaka 1897 walitangaza kodi ya nyumba, rupia tatu kwa kila kibanda, na nia yao haikuwa fedha peke yake. Walitaka mtu atoke kwake, akalime pamba au akafanye kibarua ili apate sarafu ya kulipia. Kwa watu wa Mara kodi ya kuhesabu vibanda iliuma kwa namna yake, maana katika boma la mtu mwenye wake watatu kila mke alikuwa na nyumba yake. Watu si wajinga. Sehemu nyingi za nchi walianza kubanana ndani ya kibanda kimoja. Waingereza waliporithi nchi waliziba tundu hilo kwa sheria ya mwaka 1922 iliyotoza nyumba na kichwa pia. Mwanamume asiye na nyumba alilipia kichwa chake, na mwenye wake zaidi ya mmoja akaongeza.

Kisha akaja Gavana Donald Cameron mwaka 1925. Mwaka uliofuata ilitungwa sheria ya serikali za wenyeji, na kila utemi au shirikisho la watemi likapata hazina yake. Ushuru wa kienyeji ambao mtemi alikuwa akitozea watu wake ulifutwa, mtemi akawekwa kwenye mshahara, na sehemu ya kodi ikaachwa wilayani badala ya kwenda yote Dar es Salaam. Hazina hizo zililipa makarani, matarishi, zahanati na shule. Kwa hiyo mkulima wa Bukwaya au wa Ikizu aliyelipa kodi aliweza, angalau kwa nadharia, kuiona shilingi yake imegeuka ukuta. Idadi ya waliofaidika ilikuwa ndogo, na watoto wa watemi walikuwa mbele ya foleni. Hata hivyo kodi na shule vilikuwa katika daftari moja na wilaya moja.

Wazungu na Waasia walikuwa na utaratibu wao. Walitozwa kodi ya elimu kando, na fedha yao ikarudi kwenye shule za rangi yao. Mfumo huo ulimaanisha kwamba mwenye nacho alijisomeshea wanawe vizuri, na asiyenacho akasomesha kwa kadiri ya umaskini wake. Wanaofuatilia Marekani watautambua: kule sehemu kubwa ya fedha za shule hutokana na kodi ya majengo ya eneo husika, ndiyo maana mtaa wa matajiri huwa na shule nzuri na mtaa wa jirani una paa linalovuja. Tanganyika ilifuta ubaguzi wa rangi katika shule kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1961, ikaanza kutumika Januari 1962. Ilibaki tofauti ya wilaya na wilaya.

Halmashauri za wilaya za miaka ya sitini ndizo zilizobeba shule za msingi. Zilitegemea kodi ya kichwa na ushuru wa mazao, na kwa kanda ya ziwa zao lilikuwa pamba. Bei ya pamba ikishuka halmashauri inayumba. Mvua ikikosekana, vivyo hivyo. Mishahara ya walimu haikungoja mvua. Ukusanyaji nao uliwafanya watu wachukie serikali kwa jumla: mgambo walipita alfajiri na mwanamume asiye na stakabadhi alilala ziwani au kwenye mtama mpaka msako upite. Mwaka 1969 na 1970 serikali kuu ilifuta kodi hiyo ya halmashauri pamoja na ushuru wa mazao. Watu walishangilia. Halmashauri zilibaki na majukumu bila mapato, na mwaka 1972 zenyewe zikafutwa kwa mpango wa madaraka mikoani. Tangu hapo shule ya msingi ya Musoma ilikuwa ikingoja fedha kutoka Dar es Salaam, na mlipakodi wa Musoma hakuwa tena na mahali karibu pa kuuliza.

Katika hali hiyo, mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya chama tawala, TANU, ilikutana mjini Musoma.

Ulikuwa mwaka mgumu. Mvua zilikuwa zimekosekana na taifa lilikuwa linanunua nafaka nje kwa fedha za kigeni ambazo hazikutosha. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda baada ya vita vya Mashariki ya Kati. Watu walikuwa wakihamishiwa vijijini; mwaka mmoja nyuma Rais Nyerere, yule mtoto wa Mwisenge, alikuwa ametamka kwamba kuishi vijijini ni amri, na Mara ilikuwa mojawapo ya mikoa ambayo operesheni hiyo iliipitia. Mtu wa hesabu angeshauri mambo yapunguzwe. Kikao kilifanya kinyume. Lengo la awali lilikuwa kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo mwaka 1989. Azimio la Musoma lililivuta nyuma hadi 1977. Miaka kumi na miwili ilikatwa kwa kikao kimoja.

Zipo sababu za kulisifu azimio hilo na zipo za kulilaumu, na kwa maoni yangu zote zinatokana na jambo moja: hakuna aliyetaja fedha zitatoka wapi, kwa sababu jibu lilijulikana. Zingetoka mikononi mwa wanavijiji. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imefutwa mwaka 1973. Kodi ya kichwa haikuwapo. Kilichobaki kilikuwa nguvu za watu, na nguvu hizo zilikwisha kukusanywa mahali pamoja na operesheni ya vijiji. Kijiji kiliambiwa kifyatue matofali, kikafyatua. Kiliambiwa kijenge nyumba ya mwalimu, kikajenga, ya udongo na nyasi kama mabati hayakupatikana. Idadi ya watoto walioandikishwa darasa la kwanza, iliyokuwa karibu robo milioni mwaka 1974, ilipita laki nane mwaka 1978. Mwanzoni mwa miaka ya themanini Tanzania ilikuwa na watoto wapatao milioni tatu na nusu katika shule za msingi, kiwango ambacho nchi nyingi tajiri kuliko yetu barani Afrika hazikukifikia.

Walimu je? Makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakawa wanafundisha asubuhi na kujisomea ualimu alasiri kwa vitabu vya posta, redio na mwalimu mratibu aliyewatembelea. Mtaani waliitwa walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, na wenye ulimi mkali wakaifasiri herufi hizo kuwa Ualimu Pasipo Elimu. Ni dhihaka isiyo na shukrani. Wengi wa waliowacheka walijifunza kusoma kwao.

Baada ya hapo yalifuata yale ambayo Watanzania wa umri fulani hawahitaji kusimuliwa: vita vya Kagera, maduka matupu, mazungumzo na Shirika la Fedha la Kimataifa. Halmashauri zilirudishwa, za miji kwanza na za wilaya mwaka 1984, na kodi ya kichwa ikarudi nazo ikiitwa kodi ya maendeleo. Ada ya shule nayo ikarudi. Sasa mzazi alilipa mara mbili, na kiwanda cha nguo cha Mutex, ambacho Musoma ilikitegemea kwa ajira, hakikukawia kudorora. Kufikia mwaka 2000 kati ya kila watoto kumi wa umri wa shule ya msingi nchini, wanne hivi hawakuwa darasani. Azimio la Musoma lilikuwa limefumuka bila kikao chochote kulifuta.

Serikali ya Benjamin Mkapa ilifuta ada ya shule ya msingi mwaka 2001 na kuanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Wanafunzi wakatoka milioni 4.4 mwaka 2000 hadi karibu milioni nane mwaka 2006. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, na halmashauri zikaanza kupewa ruzuku ya kufidia. Kwa mara ya pili katika umri wa mtu mmoja, kodi iliyochukiwa iliondoka na ikaondoka na sauti ya halmashauri.

Wimbi hilo la watoto lilipofika darasa la saba, lilihitaji sekondari. Ndipo zilipozaliwa shule za kata. Edward Lowassa akiwa Waziri Mkuu alizisukuma kwa nguvu, na sekondari zikaongezeka kutoka takriban 1,300 mwaka 2004 hadi zaidi ya 4,200 mwaka 2010. Ni Azimio la Musoma lililorudiwa kwa ngazi ya juu, hata kwa walimu: safari hii waliofundishwa kwa wiki chache waliitwa vodafasta. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambapo watahiniwa wapatao sita kati ya kumi walipata sifuri kabla ya serikali kuyafuta na kuyapanga upya, yalikuwa bili ya haraka hiyo.

Ni vizuri kuangalia darasa moja la aina hiyo linavyojengwa, kwa sababu hapo ndipo kodi halisi ya elimu inapoonekana. Kigera ni kata ya Manispaa ya Musoma. Pia ni jina la kijiji cha Kata ya Nyakatende, Musoma Vijijini. Huku vijijini mkutano mkuu unaamua kiasi cha mchango kwa kaya. Mtendaji anafungua daftari. Wasio na fedha wanatoa nguvukazi: mawe, ambayo Musoma haijapungukiwa kamwe, mchanga, kokoto zilizogongwa kwa nyundo, na maji yanayobebwa kichwani na wanawake kutoka ziwani. Msingi unachimbwa, ukuta unapanda mpaka kwenye lenta. Hapo mchango unaisha. Kinachobaki kinaitwa boma, na boma husubiri. Serikali hupaua, au mbunge huleta mabati na saruji. Profesa Sospeter Muhongo, akiwa mbunge wa Musoma Vijijini, jimbo lenye kata 21, ametoa taarifa za ujenzi huo kata kwa kata. Boma likikaa misimu mitatu ya mvua bila paa, matofali ya juu huanza kulika na fundi anayerudi hubomoa kabla ya kujenga.

Mchango huo hauko katika sheria yoyote ya fedha, lakini asiyeutoa huitwa ofisini. Fedha za kutimiza agizo la Rais Kikwete la mwaka 2012 la kujenga maabara tatu kila sekondari ya kata zilikusanywa kwa njia hiyo, na katika sehemu nyingi kuku na baiskeli vilichukuliwa. Rais Magufuli alianza elimu bila malipo Januari 2016, na Januari 2018 akapiga marufuku michango shuleni. Michango haikufa, ilihama kutoka kwa mwalimu mkuu kwenda kwa serikali ya kijiji na mtaa. Ni kweli pia kwamba mwaka 2021 fedha za mkopo wa UVIKO-19 zilijenga madarasa 15,000 nchini kwa miezi michache, bila mwananchi kubeba jiwe. Hilo lilionyesha kwamba inawezekana, ila kwa mkopo.

Turudi mjini. Kodi ya nyumba nayo haikupotea. Manispaa zilikuwa na haki ya kutoza kodi ya majengo, zikaitoza kwa uzembe, mwaka 2016 ukusanyaji ukapewa Mamlaka ya Mapato. Agosti 2021 ikaingizwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Julai 2023 ikawa 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Mpangaji wa Kigera mjini anayenunua umeme wa shilingi 5,000 mwanzoni mwa mwezi huona kodi ya mwenye nyumba imekatwa kwanza, kisha VAT asilimia 18, kisha REA na EWURA, ndipo uniti zinapohesabiwa. Kisheria anaweza kumdai mwenye nyumba. Kwa kawaida hamdai, hasa kama chumba kinachofuata kina mtu anayekisubiri.

Malalamiko kwamba kodi hiyo ni kubwa hayanishawishi sana. Kaya yenye watoto watatu shule ya msingi inahesabiwa ruzuku ya shilingi 30,000 kwa mwaka, mbali na mishahara ya walimu. Kasoro ni kwamba hakuna mlipaji anayeweza kuonyesha inakokwenda 18,000 yake, kwa kuwa inakwenda juu kwanza, na inaporudi inarudi na jina jingine.

Na ruzuku yenyewe imechoka. MMEM ilipoanza mwaka 2002 iliahidi dola kumi kwa kila mtoto, ambazo wakati huo zilikaribia shilingi 10,000. Mwaka 2016 kiwango kilichotangazwa kwa shule ya msingi kilikuwa shilingi 10,000 hizohizo, zikiwa hazifiki dola tano, na 4,000 kati yake zikabaki juu kwa ajili ya vitabu. Shule yenye watoto 800 hupata shilingi 400,000 kwa mwezi za chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na mlinzi. Mlinzi peke yake, akilipwa kama binadamu, anaweza kumaliza robo yake au zaidi, na mwalimu mkuu anaporudi kwenye kikao cha wazazi kuomba mchango wa mlinzi, anakuwa anavunja agizo la mwaka 2018.