Kodi ya kichwa iliyoombwa na walipaji

Kwetu kodi ya kichwa haina sifa nzuri. Wazee walilala porini kuikwepa, na asiye na risiti alikuwa mfungwa mtarajiwa. Ndiyo maana nilirudia mara mbili kusoma habari za wakulima waliokaa vikao wakataka wenyewe watozwe kitu kama hicho. Walikuwa watu wa Saskatchewan, jimbo la ngano huko Kanada, na walichokuwa wakikinunua ni daktari.

Njia yao naifuata kwa kidole juu ya ramani. Kaskazini mwa Regina, makao makuu ya jimbo, kuna ziwa refu jembamba liitwalo Last Mountain. Upande wa magharibi iko halmashauri ya Sarnia. Mwaka 1915 daktari wa hapo alikuwa karibu kuondoka, na madiwani wakaamua kumpa dola 1,500 kwa mwaka kutoka mfuko wa kodi, mradi abaki. Sheria ya kuwaruhusu ilikuja mwaka uliofuata.

Vuka ziwa uingie McKillop. Huko mwenyekiti wa halmashauri alikuwa Matt Anderson, mkulima mhamiaji kutoka Norway. Miaka ya 1930 ukame uliifanya ardhi ile vumbi tupu, bei ya ngano ikaanguka, na madaktari wakawa wanalipwa kuku na kuni. Anderson akaja na hesabu nyepesi: kila mtu, mkubwa kwa mdogo, atoe dola 5 kwa mwaka, akiugua atibiwe bila kuulizwa fedha. Akazunguka mikutanoni kuieleza, na mwaka 1939 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuwezesha mpango huo.

Lakini ninayemtafuta hasa yuko kusini-magharibi, upande wa Swift Current. William Burak hakuwa mwanasiasa. Alikuwa karani wa halmashauri ya Pittville, na karani wa kijijini ndiye mwenye daftari: anajua nani kalipa, nani anadaiwa, na mara nyingi anajua pia deni limeanzia wapi. Mke kajifungua vibaya, mtoto kapasuliwa, shamba limewekwa rehani. Burak aliona kwamba halmashauri moja moja hazina ubavu wa kumweka daktari, sembuse hospitali. Basi akaziandikia za jirani, akaandika magazetini, akazungumza redioni. Hakuna picha ya kishujaa hapo, ni barua juu ya barua. Mwishoni mwa 1945 watu wa eneo zima walipiga kura wakakubali, na tarehe 1 Julai 1946 bima yao ya pamoja ikaanza. Uingereza ilizindua huduma yake ya taifa ya afya miaka miwili baadaye.

Anayekumbukwa kwa bima ya afya ni Tommy Douglas, waziri mkuu wa jimbo tangu 1944. Sina ugomvi na hilo. Utotoni alinusurika kukatwa mguu kwa sababu daktari bingwa alikubali kumpasua bure, mradi wanafunzi wake watazame, na hakuisahau bahati ile. Mwaka 2004 watazamaji wa televisheni walimchagua kuwa Mkanada mkuu kuliko wote. Burak hakuwa na nafasi katika kura ya namna hiyo.

Bima ya jimbo zima ilipoanza tarehe 1 Julai 1962, Douglas alikuwa amekwenda kwenye siasa za taifa, na joto lilimwangukia mrithi wake, Woodrow Lloyd. Madaktari wengi waliipinga, wakafunga milango kwa siku 23. Na hapa habari inakuwa ngumu kwa anayependa kusema „wananchi walitaka“, maana wananchi walikuwa pande zote mbili. Zilizuka kamati za kuwatetea madaktari, na akina mama wenye hofu ya kweli walikuwa humo: nani atampokea mtoto usiku wa manane? Tarehe 11 Julai kamati hizo ziliitisha maandamano Regina zikitarajia makumi ya maelfu. Walifika kama 4,000.

Wengine hawakuandamana. Walichanga, wakatafuta jengo, wakatafuta madaktari waliokubali kufanya kazi. Kliniki ya ushirika ya jiji la Saskatoon ilifunguliwa tarehe 3 Julai, mgomo ukiwa na siku mbili tu, ikiwa na madaktari wawili, Joan Witney-Moore na Margaret Mahood, wote wanawake. Mgomo uliisha tarehe 23 kwa makubaliano yaliyowaachia madaktari kulipwa kwa kila huduma, kama walivyozoea. Bunge la Kanada lilipitisha sheria yake ya bima kama hiyo mwaka 1966, na kufikia 1972 majimbo yote yalikuwa ndani.

Mpango wa Swift Current ulimezwa na ule mkubwa. Kliniki ya Saskatoon bado iko wazi, na bado ni mali ya wanachama.